Kitongoji ni nini hasa? Kuanzia mahame hadi nguzo ya umeme

Kufikia mwaka 2025 Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba vijiji vyote vya Tanzania Bara, zaidi ya 12,000, vimefikiwa na umeme. Wakati huohuo watu wa maelfu ya vitongoji walikuwa bado wanachaji simu kwa jirani mwenye sola, na mashine zao za kukoboa zilikuwa bado zinakunywa dizeli. Waliobishana vijiweni, huyu akisema umeme umefika na yule akisema haujafika, wote wawili walisema kweli. Mmoja alikuwa anazungumzia kijiji, mwenzake kitongoji.

Nimekulia kitongojini, na kwa miaka mingi nilidhani kitongoji ni kijiji kidogo tu, kama vile kijito ni mto mdogo. Sivyo. Ni vitu viwili tofauti kisheria, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtoto atembee umbali gani kwenda shule, gunia la mahindi lifike barabarani kwa gharama gani, na shamba likigombewa nani ana mamlaka ya kusema ni la nani.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayochanganya wengi. Kijiji kikishaandikishwa, halmashauri yake inakuwa na hadhi ya mtu mbele ya sheria. Inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, kina mtendaji anayelipwa mshahara, na ndicho kinachosimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Kitongoji hakina hadhi wala mamlaka hayo. Ni kipande cha kijiji. Hakina ardhi yake, hakina mtendaji wake, hakiwezi kwenda mahakamani kwa jina lake. Kilicho nacho ni mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi wenyewe kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho ikiwa tarehe 27 Novemba 2024. Mwenyekiti huyo anaingia kwenye halmashauri ya kijiji kwa wadhifa wake na kuketi pamoja na wajumbe wengine, jumla yao wakiwa kati ya 15 na 25.

Hana mshahara, lakini kazi anayo. Mgeni akihamia, anaanzia kwake. Kijana akitaka barua ya utambulisho, anaanzia kwake. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi saa nane za usiku, mlango unaogongwa ni wake. Kwa mkazi wa kawaida yeye ndiye serikali, ile anayoijua kwa sura na kwa jina la mama yake.

Tanzania Bara ina vitongoji zaidi ya 60,000. Ukichukua watu 61,741,120 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, ukatoa wa Zanzibar na wa mijini, ukagawanya waliobaki kwa idadi ya vitongoji, unapata wastani wa watu kama 600 kwa kila kitongoji. Kwa kaya ya watu 4.3, ambao ndio wastani wa kitaifa, hizo ni kaya 140 au zaidi kidogo. Ni hesabu ya haraka, na inaficha mengi: viko vitongoji vya kaya 40 zilizotawanyika kwenye pori, na viko vilivyo ndani ya mamlaka za miji midogo, vyenye maduka na vituo vya mafuta, ambavyo bado vinaitwa vitongoji. Zanzibar wana mfumo wao wa shehia na masheha, kwa hiyo haya ninayoyaeleza ni ya Bara. Neno lenyewe ni la zamani kuliko sheria. Watu wa Pwani walilitumia kwa makazi madogo pembezoni mwa mji, na kule Pemba, upande wa mashariki wa Chake Chake, kuna mahali panaitwa Vitongoji mpaka leo.

Mahame

Ukipita kwenye mapori ya Singida, Tabora au Iringa utakuta jambo linaloshangaza asiyejua: miembe mikubwa mitatu au minne imesimama peke yake katikati ya vichaka, na kando yake minyaa imepangika kama ua. Hakuna nyumba. Hayo ni mahame, mahali palipokuwa na watu wakahama.

Bibi mzaa baba alinipeleka kwenye mahame yake nikiwa darasa la tano. Tulitembea tangu alfajiri. Alipofika aliinama, akafukua majani kwa mguu, akaibua jiwe la kusagia lililokuwa limezama nusu, lenye bonde katikati lililochongwa na mikono ya wanawake wa miaka na miaka. "Hapa ndipo jikoni," akasema. "Na pale ndipo nilipomzaa baba yako." Udongo wa pale ulikuwa mweusi tofauti na wa jirani, kwa majivu na samadi ya zizi, na mchicha pori ulikuwa umeota mrefu kunipita. Alikaa kidogo kwenye makaburi ya wakwe zake, kisha tukarudi kwenye nyumba yetu iliyojengwa kwenye mstari na nyumba nyingine, kando ya barabara.

Kwa nini mstari? Hapo ndipo historia ya kitongoji ilipo.

Watu wengi wa bara waliishi kwa kutawanyika. Kila mji, kwa maana ya kaya na zizi lake, ulikaa katikati ya mashamba yake, na jirani alikuwa mbali kiasi cha kusikika ukipiga yowe. Wakoloni wa Kiingereza walianza kuukata mtawanyiko huo mapema: miaka ya 1920 na 1930, magharibi mwa Tanganyika, walikusanya watu kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Kwa hiyo wazo la kuhamisha watu wakae pamoja halikuanzia kwenye Ujamaa.

Mwalimu Nyerere alilizungumzia tangu hotuba yake ya kuwa Rais, Desemba 1962: kwamba watu waliotawanyika hawawezi kupata matrekta, shule wala maji. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, vijiji vya ujamaa vilianza kama jambo la hiari. Kufikia 1973 watu takribani milioni 2 walikuwa wanaishi humo. Novemba mwaka huo ikatangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe kijijini. Ndiyo Operesheni Vijiji, ambayo sehemu nyingine wazee wanaiita Operesheni Sogeza. Mwaka 1977 Serikali ilihesabu watu takribani milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000.

Tazama tarakimu hizo mbili, milioni 2 na milioni 13, kwa miaka minne. Hakuna namna ya kufanya hivyo polepole. Malori yalikuja, nyumba nyingine zikaezuliwa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi, na watu wakashushwa mahali palipokuwa na vigingi tu. Mpimaji aliyechagua mahali aliangalia barabara kwanza, maana lori la mbolea na gari la mganga lazima lipite. Maji na udongo vilifuata, na mara nyingine havikufuata kabisa. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, na ukishakusanya kaya 250 mahali pamoja, mashamba ya wengi yanakuwa mbali. Hilo ndilo chimbuko la safari ya saa moja na nusu ambayo mama wengi wanaitembea na jembe begani mpaka leo.

Sisemi kwamba hakikupatikana kitu. Shule niliyosoma isingekuwepo bila kijiji. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kufikia 1977 maelfu ya shule zilikuwa zimesimama, zahanati na visima vikifuata. Lakini bibi yangu hakuwahi kuacha kupaita mahame "nyumbani" na nyumba yetu "kijijini", na nadhani kila anayepanga mambo ya vijijini angefaa kuisikia tofauti hiyo ya maneno.

Si kila mahali watu walihamishwa. Vihamba vya Wachaga Kilimanjaro na migomba ya Wahaya Bukoba vilikuwa vimeshasongamana tangu zamani. Ungemhamisha mtu wapi, na migomba yake ungeibeba vipi? Ndiyo maana kitongoji cha Marangu hakifanani hata kidogo na cha Manyoni. Kule nyumba imejificha ndani ya shamba, huku shamba limejificha nyuma ya kilima.

Kitongoji kama ngazi ya serikali kilikuja baadaye. Wakati wa chama kimoja kazi hiyo ilifanywa na balozi wa nyumba kumi, ambaye alikuwa kiongozi wa chama na wa mtaa kwa wakati mmoja. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, serikali haikuweza tena kutegemea kiongozi wa chama kimoja kuandikisha wakazi na kusuluhisha ugomvi wao. Kitongoji kikachukua nafasi hiyo, na uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa wa vyama vingi ukafanyika 1994. Mabalozi hawakutoweka. Bado wapo ndani ya CCM, na mahali pengi mtu mmoja mzee bado anaamua mambo kwa heshima ya cheo ambacho hakimo kwenye sheria yoyote.

Kusoma jina, kusoma udongo

Historia hiyo imejificha kwenye majina. Ukisikia kitongoji kinaitwa Azimio, Muungano, Songambele au Mshikamano, jua karibu kwa hakika kwamba jina lilitoka kwenye mkutano wa miaka ya Ujamaa. Majengo maana yake watu walijenga upya. Shuleni, Mnadani, Jineri na Stesheni yanakuambia kilichowavuta watu. Na kile chenye jina la mti, mto, au la mtu ambaye hakuna anayemkumbuka vizuri, mara nyingi ndicho cha zamani kuliko vyote, kilichokuwepo kabla ya malori. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na aina zote hizo, na ugomvi mwingi wa ndani ya kijiji, nani mwenyeji na nani wa kuja, unafuata mistari ya majina hayo.

Jiografia ya kitongoji hupimwa kwa hatua. Wasukuma wana elimu ya udongo ambayo wataalamu wa kilimo waliikuta tayari imekamilika na ina majina. Juu kwenye miinuko yenye mawe kuna luseni, kichanga chepesi kinachofaa mihogo, karanga na viazi. Ukishuka kidogo unakuta itogolo, udongo mgumu chini unaoshika maji, na hapo ndipo wanapochimba majaruba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa tairi masika. Kwa hiyo familia yenye akili ya shamba haikutaka ekari sita mahali pamoja. Ilitaka mbili juu, mbili kati na mbili chini, ili mvua ikizidi juu paokoe, na ikipungua chini paokoe. Kuwapanga watu kwenye mstari kando ya barabara kulikata mpango huo katikati.

Juu ya udongo kuna malisho. Shinyanga walikuwa na utaratibu wa ngitili, eneo linalofungwa masika ili nyasi zisimame ziwasaidie ndama na ng'ombe wagonjwa kiangazi. Mengi yalipotea wakati wa kuhama, kisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 ukayarudisha, safari hii kama misitu midogo ya kaya na ya vitongoji. Eneo lililokuwa karibu jangwa likaota miti kwa sababu watu waliruhusiwa kufanya walichokuwa wanakijua.

Pesa inaingia mara moja, inatoka kila siku

Uchumi wa kitongoji unachanganya mtu wa mjini kwa jambo moja: pesa haiji kila mwezi. Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili, kwa hiyo pesa ya shamba inaingia mara moja kwa mwaka, kuanzia Juni. Kwenye vuli na masika, kama Kilimanjaro na sehemu za Tanga, angalau kuna vipindi viwili. Lakini chumvi, sabuni, ada ya mashine na nauli ya hospitali vinataka pesa kila juma. Pengo hilo ndilo linaloendesha kila kitu kingine.

Linazibwa kwa kuku wanaouzwa mmojammoja siku ya gulio, na kwa kibarua, ambapo mwenye njaa ya Januari analima shamba la mwenye akiba, na shamba lake mwenyewe linachelewa kupaliliwa, kwa hiyo mwaka ujao njaa inamkuta tena. Wanawake wana vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Watoto walioko mjini wanatuma kwa simu, jambo ambalo limebadilisha maisha tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008 kuliko mradi wowote ninaoukumbuka. Na mara nyingine, kwa uchungu, mazao yanauzwa yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei ya mwenye shida.

Wakati wa mavuno mnunuzi anakuja na Fuso yake mpaka pale gari linapoweza kufika. Kitongoji kilicho kando ya barabara kinauza kwake moja kwa moja. Kile kilicho ng'ambo ya korongo kinalipa kwanza punda au bodaboda. Halafu inakuja lumbesa. Mnunuzi anatandaza magunia yake, debe linajaza, vijana wanashindilia kwa mguu, na gunia likifika mdomoni anashonea kipande kingine juu, linatuna kama mwenye mimba. Sheria ya vipimo inataka kifungashio kisizidi kilo 100. Lakini mizani haipo, na mama aliyevuna hana pa kulipeleka gunia lake akikataa. Ikiwa kila gunia lina kilo 130 na linalipwa kama la 100, kwenye magunia 10 mama huyo ametoa kilo 300 bure. Hizo ni gunia tatu, chakula cha miezi kwa kaya ya watu watano. Nimeona hili kwa macho yangu, na sijaona hila inayoumiza zaidi kwa urahisi wake.

Kwa mazao kama korosho, ufuta na dengu kuna mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), ambao kwenye korosho ulianza msimu wa 2007/08. Mazao yanapimwa kwa mizani, yanawekwa ghalani, yanauzwa kwa mnada, na lumbesa haina nafasi. Malalamiko yake ni mengine: makato, na malipo yanayochelewa huku shule zimefungua. Ghala lenyewe, ukiangalia vizuri, limejengwa makao makuu ya kijiji. Kitongoji cha pembeni kinalifikia kwa punda yuleyule.

Ardhi ni ya kijiji, kaburi ni la kitongoji

Kuanzia miaka ya 1980 amri ilipolegea, watu walianza kurudi mahameni, wengine kulima tu, wengine kujenga. Huko wakakuta shamba la babu lilishagawiwa mtu mwingine wakati wa Operesheni. Kesi zikajaa. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za zamani kwenye vijiji vilivyoanzishwa wakati ule, na kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe kutoka mkoani Arusha ikafika Mahakama ya Rufani. Mwaka 1994 mahakama hiyo ilisema jambo kubwa: haki ya kimila ya ardhi ni mali, na Katiba inailinda kama mali nyingine.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilijenga juu ya hapo. Mkazi anaweza kupata hatimiliki ya kimila, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume kuimiliki. Halmashauri ya kijiji inasimamia, mkutano mkuu unaidhinisha, na migogoro inaanzia kwenye baraza la ardhi la kijiji lenye watu 7, wanawake wasiopungua 3. Mwenyekiti wa kitongoji hatoi ardhi. Narudia kwa sababu watu wengi wamepoteza fedha hapa: karatasi uliyoandikiana na muuzaji mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ni ushahidi wa mlichokubaliana, lakini si kibali cha kijiji.

Huduma nazo zinafuata mstari huohuo. Shule, zahanati, transfoma na tangi la maji huhesabiwa kwa kijiji, kwa hiyo vikisimama makao makuu, kijiji kimefikiwa. Wakazi wa mbali wamejibu kwa kujenga shule shikizi, madarasa mawili matatu ya watoto wadogo wasioweza kuvuka mto, chini ya shule mama iliyo mbali. Zilianza kwa miti na nyasi kwa nguvu za wazazi. Mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilipangiwa kujenga madarasa 3,000 kwenye shule shikizi, na nakumbuka nilivyofurahi kuliona jina hilo kwenye hotuba rasmi. Umeme nao umeanza kuhesabiwa upya: Wakala wa Nishati Vijijini sasa ana miradi inayotaja vitongoji kwa idadi. Gharama ya kuunganishiwa kijijini, shilingi 27,000, wengi wangeimudu baada ya mavuno. Kinachokosekana ni nguzo ya karibu.

Kabla kijiji hakijapata cheti cha ardhi lazima mipaka yake ipimwe, na majirani wakubaliane. Wapimaji wanakuja na vifaa vya setilaiti, wanapaki gari kivulini, kisha wanauliza nani anajua mpaka ulipita wapi. Ofisi ya kijiji haina jibu. Anatafutwa mzee wa kitongoji cha mwisho kabisa, anakuja na fimbo yake, anaongoza msafara wote porini kwa saa mbili, mpaka kwenye miembe mitatu na ua wa minyaa. "Sisi tuliishia hapa," anasema, na bikoni inachimbiwa pale alipoweka fimbo.